Jicho la Samaki wa Maji ya Chumvi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutia Dawa

Ukiona jicho la samaki limevimba au limefunga ukungu, usikimbilie dawa. Dawa isiyoendana na chanzo humchosha mgonjwa na kuharibu maji anayoyategemea apone.

Anza kwa kutazama kama ni jicho moja au yote mawili. Likiwa moja, mara nyingi ni jeraha: kajigonga kwenye jiwe, kakwaruzwa na wavu, au kapigana. Yakiwa mawili, shuku maambukizi ya ndani ya mwili au maji yenyewe. Mtazame kutoka juu. Uvimbe mdogo usioonekana ukiwa mbele ya kioo hujitokeza ukilinganisha pande zote mbili. Ukungu nao uchunguze: uko juu ya jicho, au ndani kabisa kwenye lenzi? Wa ndani huenda ni mtoto wa jicho, na huo hauondoki kwa dawa ya kutia majini.

Pima maji siku hiyohiyo. Amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zinatakiwa ziwe sifuri, kwa kuwa amonia huunguza macho na matamvua. Ukiona viputo vidogo ndani ya jicho, kagua pampu na mabomba: kiungo kinachovuja huvuta hewa na kuishindilia majini, na hapo tiba ni kuziba kiungo.

Tangi la pembeni la kumtibia mgonjwa liwe tayari kabla hujalihitaji: hita, pampu ya hewa, kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia, na sponji iliyokaa muda kwenye kichujio cha tangi kubwa ili ije na bakteria wake wanaoondoa amonia. Mwanga uwe hafifu, samaki hana kope. Usitibu kwenye tangi lenye matumbawe, kamba au konokono. Dawa ya shaba huwaua. Antibayotiki nazo zinaweza kuua bakteria wa kichujio, kwa hiyo weka maji ya chumvi ya kubadilishia yaliyokwisha kuchanganywa. Mkaa wa kuchujia utoe, la sivyo utafyonza dawa.

Soma lebo kwa makini. Antibayotiki ya oksitetrasaiklini, kwa mfano, hushikwa na kalsiamu na magnesi zilizomo kwenye maji ya chumvi, ikabaki dhaifu. Kipimo kikokotoe kwa maji yaliyomo kweli: urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha punguza nafasi ya mawe.

Ukishuku minyoo bapa, vimelea wanaomng'ang'ania samaki, andaa maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kiwango cha asidi) sawa na ya tangi, yakipigwa hewa. Mwogeshe kama dakika 5 bila kuondoka. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka. Samaki akilala ubavu, mrudishe mara moja. Mayai hubaki tangini, hivyo prazikwanteli, dawa ya minyoo hiyo, hurudiwa.

Jeraha la jicho moja, samaki akiwa bado anakula, lipe kwanza maji safi na subira ya wiki kadhaa. Akiacha kula au jicho la pili likianza, mtafute daktari wa mifugo anayewajua samaki.