Namna ya kutafsiri «bibas» ya Homer

Anza na umbo lenyewe: bibas, la Kigiriki cha kale, "akipiga hatua", ambalo katika Iliad, utenzi wa mshairi Homer kuhusu vita vya Troy, mara nyingi huandamana na makra, yaani "marefu", limejengwa kwa kurudufu mwanzo wa mzizi ba-, uleule wa baino, "naenda". Usishawishike kurudufu nawe, kwa kuwa "akitembeatembea" humpunguzia mtu haraka na shabaha, akawa kama mzururaji wa soko la Majengo, ilhali Ajax, shujaa wa Wagiriki, katika kitabu cha 7, anamwendea Hector, shujaa wa Troy, wapigane.

Kwa kuwa bibas hutegemea kitenzi kingine, kiambishi -ki- kinatosha: "alikwenda akipiga hatua ndefu". Hapa Dodoma, mtazame mchungaji wa Kigogo anayewafuata ng'ombe, fimbo begani, kisigino kikitua mbali. Mwendo ndio huo. Neno "ndefu" lisiachwe, maana "kupiga hatua" peke yake msomaji atadhani ni maendeleo.

Katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, roho ya Achilles, shujaa wa Wagiriki aliyekwisha kufa, nayo huondoka hivyo, ila umbo ni bibasa, la kike, kwa sababu psukhe, "roho", ni neno la kike. Kiswahili, kwa bahati nzuri, hakikudai tofauti hiyo.