Jinsi ya kuomba kushiriki kama mwathiriwa katika kesi ya ICC

Aliyeumizwa na uhalifu wa kivita ana haki ya kusikilizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, hata kama upande wa mashtaka haukumwita kuwa shahidi. Haki hiyo imo katika kifungu cha 68 cha Mkataba wa Roma, uliounda mahakama hiyo. Fomu ni bure kabisa. Anayekutoza pesa ili akupatie au akupitishie maombi anakuibia.

Kabla ya kushika kalamu, soma mashtaka yaliyothibitishwa na majaji. Angalia mambo matatu: mahali, tarehe na kosa. Kijiji chako kikiwa kilishambuliwa na kundi lilelile lakini nje ya kipindi kilichotajwa, maombi yatakataliwa. Katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji nchini Kongo, shtaka lilihusu kuandikisha na kutumia vitani watoto walio chini ya miaka 15, hivyo waliochomewa nyumba na wapiganaji wake hawakuweza kushiriki kwa madhara hayo. Inauma, lakini haina maana kwamba mahakama imekana yaliyowapata.

Ambatisha nakala ya kitambulisho. Pasipoti, kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa au kadi ya mkimbizi vimewahi kukubaliwa. Walioyakimbia makazi yao mara nyingi hawana hata karatasi moja. Majaji wamewahi kupokea tamko la mashahidi wawili wanaomfahamu mwombaji, likiwa na nakala za vitambulisho vyao. Anayemwombea mtoto aonyeshe pia uhusiano wao. Jina likiandikwa tofauti kwenye hati mbili, eleza sababu palepale, maana tofauti isiyoelezwa hukwamisha maombi.

Sehemu ya maelezo ndiyo inayobeba maombi yote. Sema nini kilitokea, wapi, lini, nani alifanya na umejuaje kuwa ni yeye, kisha madhara yaliyokupata: mwilini, moyoni au kwenye mali. “Waasi walituharibia maisha” haimsaidii jaji. “Watu wenye bunduki waliingia kijijini alfajiri, wakamuua kaka yangu mlangoni, wakachukua ng’ombe wetu wanne, tangu siku hiyo mama hapati usingizi” inaonyesha tendo, madhara na jinsi yanavyoungana. Usipokumbuka tarehe, usiibuni. Andika “baada ya mavuno, kabla shule hazijafunguliwa.” Ulichosimuliwa, andika kwamba ulisimuliwa, na nani.

Anayekusaidia kuandika, au mkalimani, ajitaje kwenye fomu na aandike maneno yako, si yake. Fomu za watu wengi zikiwa na sentensi zilezile, zinazua shaka juu ya wote, hata wasema kweli. Katika hukumu ya Lubanga ya 2012, majaji waliwaondolea haki ya kushiriki baadhi ya waathiriwa waliokuwa pia mashahidi kwa sababu maelezo yao hayakuaminika, na wakakosoa vikali kazi ya baadhi ya watu wa kati, yaani waliowaunganisha wachunguzi na mashahidi. Usomewe yote kwa lugha unayoielewa, ndipo utie saini au alama ya kidole gumba.

Kama unahofia usalama wako, eleza waziwazi kwenye fomu kwamba hutaki jina lako lifike kwa upande wa utetezi, na kwa nini. Majaji wanaweza kuamuru lifichwe.

Fomu hupelekwa Masjala ya mahakama, kwenye sehemu inayoshughulikia ushiriki na fidia za waathiriwa. Usiipeleke kwa Mwendesha Mashtaka. Ofisi yake hupokea taarifa za uhalifu, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Fuata tarehe ya mwisho iliyowekwa na majaji katika kesi hiyo, na ubaki na nakala.

Ukikubaliwa, wakili atazungumza kwa niaba yako, kwa kawaida akiwakilisha kundi zima, na si lazima usafiri hadi The Hague. Asiye na uwezo huweza kusaidiwa gharama za wakili.

Fidia huombwa pia, lakini haitolewi kabla mshtakiwa hajatiwa hatiani, na husubiriwa sana. Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA wa Uganda, alitiwa hatiani Februari 2021. Amri ya fidia ilitoka Februari 2024, ikiwemo euro 750 za ishara kwa kila mwathiriwa anayestahiki. Kwa hiyo ukihama au ukibadilisha namba ya simu, mjulishe wakili au Masjala mara moja.