Theluji ya Mei ina saa zake: kupanga safari ya siku tatu Sierra Nevada

Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu minne, njia ya Machame, kabla ya kuhamia California. Kwa hiyo Mei yangu ya kwanza kwenda Kearsarge Pass, uwazi kati ya vilele wenye mita 3,580 hivi, nilijiona mgumu kwelikweli. Aliyezoea kulala kambi ya Barafu kule Kilimanjaro atishwe na nini hapo? Nikanywa chai taratibu, nikaanza kupanda saa tatu asubuhi. Adhuhuri nilikuwa nazama hadi mapajani kila baada ya hatua mbili, na kilomita mbili za mwisho zilinila saa nne nzima.

Theluji ya majira ya machipuko huganda usiku, asubuhi ikawa ngumu kama sakafu, mchana ikawa uji. Mpango wote unafuata hapo.

Hatua ya 1: Soma theluji kabla ya kuchagua tarehe. Usiulize mwenzako alikuta nini mwaka jana. Jimbo la California hupima maji yaliyomo kwenye theluji karibu na tarehe 1 Aprili kila mwaka: mwaka 2015 yalikuwa asilimia 5 tu ya wastani, mwaka 2023 yakafika 237. Ni milima ileile. Tazama kipimo cha mwaka wako, kisha uhakikishe barabara ya kwenda Onion Valley, mahali njia ya miguu inapoanzia, imefunguliwa, maana ikifungwa utaanza safari kwa kutembea lami.

Zikibaki siku tano, angalia baridi ya usiku. Mji wa Independence, chini ya milima hii, uko mita 1,200 hivi, na hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa nyuzi 12 mjini ni kama 3 chini ya sifuri kule juu. Ni makadirio tu, na mawingu huyaharibu: anga likifunikwa, theluji haigandi vizuri. Zikipita siku mbili mfululizo bila kuganda, mimi huahirisha. Theluji iliyolowa ndiyo inayoporomoka, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mteremko hupimwa kwenye ramani ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 2: Kibali na kopo la dubu. Kibali cha kulala porini unaomba Recreation.gov. Kopo gumu la kuhifadhia chakula ni lazima eneo hili. Dubu wa huku ni weusi, na harufu ya dawa ya meno inawavuta sawa na ya nyama.

Hatua ya 3: Panga siku ukianzia mwisho. Chukua ramani, andika saa pembeni ya kila sehemu. Siku ya kwanza nenda mwendo mfupi tu, kutoka Onion Valley hadi karibu na ziwa la Flower Lake, mwili uzoee. Upande huo wa mashariki hupigwa na jua mapema, kwa hiyo nataka kuwa juu saa mbili asubuhi. Kutoka kambini ni mwendo wa muda wa saa tatu kwenye theluji, basi natoka saa kumi na moja alfajiri, taa kichwani. Nikifika juu, sishuki mbio. Upande wa magharibi bado uko kivulini, ni kioo. Nakaa nakula hadi ulainike kidogo juu. Siku ya kurudi ni kinyume: unapanda kioo, unashuka mashariki kabla hakujawa uji.

Mito nayo ina saa zake. Maji ya kuyeyuka hujaa jioni na hupungua alfajiri. Ukikuta mto unaunguruma saa kumi jioni, piga hema, uvuke asubuhi. Daraja la theluji juu ya maji usiliamini mchana.

Hatua ya 4: Mzigo, na huku hakuna mgumu, yaani mpagazi, wa kukubebea. Shoka la barafu, na kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Shoka bila mazoezi ni pambo: kwanza tafuta mteremko mfupi usio na mawe chini yake, ujiangushe makusudi mara ishirini, ujifunze kujizuia nalo. Miwani ya giza iliyoziba pembeni pia, kwa sababu theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, ile ya jua inayochoma macho.

Jikoni ndiko wengi hukosea. Gesi ya butani tupu huacha kugeuka mvuke karibu na sifuri, kwa hiyo chukua mtungi wenye mchanganyiko wa propani. Kuyeyusha barafu pekee kunakula joto kama la kupasha maji yaleyale kutoka sifuri hadi nyuzi 80, basi beba gesi karibu mara mbili ya kawaida yako. Tia maji kidogo kwanza chini ya sufuria, la sivyo theluji itaungua, na chai itakuwa na ladha ya masizi. Chujio la maji lala nalo. Likiganda mara moja limekufa, ingawa kwa macho utaliona zima.

Hatua ya 5: Saa ya kugeuka. Mwachie mtu njia yako na siku ya kurudi, kwa maandishi. Kisha andika saa ya mwisho ya kupanda mahali utakapoiona. Yangu iko kwa wino kwenye utepe wa fimbo: saa tatu na nusu. Ikifika sijaona upande wa pili, nageuka, hata zikibaki mita mia.