Kuwasha gari la dizeli asubuhi ya sakitu

Wanunuzi wa viazi wanaopanda huku Makete mwezi wa sita na wa saba wananiuliza swali moja: inakuwaje gari lililopanda kona 57 kutoka Chimala bila kukohoa, likazimwa jioni pale Matamba likiwa zima, kesho yake alfajiri linagoma kuwaka? Mara nyingi gari hilo lilikuwa bovu siku zote. Joto la bonde la Usangu huko chini lilikuwa linalitunzia siri.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inavuta hewa, pistoni inaibana mpaka inapata moto mkali, nozeli inapuliza mafuta ndani ya hewa hiyo na yanajiwakia yenyewe. Sasa lilaze gari Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoingia ni ya baridi, tena ni nyepesi, kama robo yake haipo ukilinganisha na ya pwani. Chuma cha injini nacho ni baridi, kinanyonya kale kajoto kanakopatikana. Oili imekuwa nzito na betri imelegea, kwa hiyo stata inazungusha kivivu, na injini ikizunguka kivivu hewa haipati moto wa kutosha. Ndiyo maana ninasema kazi ya kuwasha inafanyika jioni. Asubuhi unavuna tu.

Ninaendesha Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, silinda sita, pampu ya kizamani isiyo na kompyuta, na linalala nje. Nitakayoyasema yanafaa kwa Hilux za zamani na magari mengine yenye hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha chemba za injini kabla ya kuwasha. Ya kompyuta nitayagusa kidogo.

Jioni anza na mafuta. Jaza tangi kabla ya kulala. Tangi likiwa nusu, hewa iliyobaki ndani inapoa usiku na kuacha unyevu kwenye kuta, matone yanashuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Maji hayo yakifika kwenye filta yakaganda, mafuta hayapiti. Chini ya filta kuna kifundo: kilegeze, kinga chupa nyeupe ya maji ya kunywa uliyoikata, halafu piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Inamisha chupa kwenye mwanga. Maji yanajitenga chini, unayaona yakitembea peke yake chini ya mafuta. Endelea mpaka yatoke mafuta matupu, kaza. Kama ulinunua dizeli ya madumu njiani, usiache kufanya hivi.

Kuna wanaosema dizeli imeganda. Ni kweli dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta inajitokeza na kuziba filta. Ulaya wanauza dizeli maalumu ya majira ya baridi kwa sababu hiyo. Lakini kwa baridi yetu ya kuzunguka nyuzi sifuri, mimi ninatafuta maji kwanza. Na usimsikilize anayekwambia ongeza mafuta ya taa. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, mafuta ya taa ni makavu, yanaila. Tuliteswa vya kutosha na wachakachuaji mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba, alama ya siri ya kumkamatia mchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, usijichakachulie mwenyewe.

Betri ing'oe ulale nayo ndani. Fungua waya wa hasi kwanza, na asubuhi uwe wa mwisho kurudi. Usiiweke karibu na jiko la mkaa, betri inatoa gesi inayolipuka. Ukiwa na mita, betri nzima iliyotulia inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na nusu ya betri alfajiri ya Kitulo haikufikishi mbali. Kwangua ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri kwa brashi ya waya, paka grisi. Halafu fuata waya wa ethi, ule wa hasi, mpaka mwisho wake kwenye bodi na kwenye injini. Watu wananunua betri mpya wakati bolti ya ethi imejaa kutu.

Egesha kwenye mteremko, pua ikiangalia chini, nyuma ya ukuta unaozuia upepo. Funika boneti kwa blanketi kuukuu, na asubuhi ulitoe kabla ya kuwasha, lisije likavutwa na feni.

Kwenye rejeta weka kulanti, dawa ya kuzuia maji yasigande, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Maji matupu yakiganda yanatanuka na kupasua. Oili iwe 15W-40, haiwi nzito sana kwenye baridi. Ile ya namba moja tu, SAE 40, waachie wa bondeni.

Sasa asubuhi. Zima taa, redio, feni ya ndani, kila kitu. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya hita itokee kwenye dashibodi. Taa ikizimika, usikimbilie stata. Hesabu taratibu mpaka kumi, zima swichi, rudia tena. Hapo hita plagi zimepasha chemba mara mbili. Kanyaga klachi hadi mwisho, ili stata isibebe pia uzito wa oili ya gia boksi. Kwa pampu ya kizamani kanyaga mafuta kidogo. Kwa injini za kompyuta kama D-4D toa mguu kabisa, zinajipimia zenyewe. Piga stata, isizidi sekunde kumi na tano. Haikuwaka, pumzisha dakika nzima, pasha tena. Anayeng'ang'aniza stata anaunguza stata na kumaliza betri kwa pamoja.

Likigoma, nenda nyuma ukaangalie ekzosi. Huwa ninamwambia tandiboi wangu asimame huko wakati ninapiga stata.

"Unaona nini?"

"Moshi mweupe, mama, unachoma macho."

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi maana yake mafuta yanafika ila hayawaki. Tatizo ni joto: hita plagi zimekufa, au stata inazunguka polepole, au injini imechoka mbano. Asipoona moshi wowote, mafuta hayafiki, na hapo kupasha hakusaidii chochote.

Hita plagi zinapimwa kirahisi. Kwenye 1HZ ziko sita, zimeunganishwa juu kwa ukanda mmoja wa chuma. Fungua nati, toa ukanda, ili kila plagi ibaki peke yake. Chukua balbu ya inshara yenye waya mbili, mmoja ubane kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Bondeni injini itawaka hata na tatu zilizokufa, ndiyo siri niliyoisema. Ukienda dukani kwa spea, nenda na ile ya zamani mkononi: zipo za volti tofauti kwa injini hiyohiyo, na ya volti ndogo ikipata umeme mkubwa inaungua mara moja. Zote zikiwa nzima, sikiliza rilei, ile swichi inayozipelekea umeme. Ukiwasha swichi lazima igonge "tak".

Kama hakuna moshi, bonyeza pampu ya mkono. Ikiwa laini asubuhi na jana jioni ilikuwa ngumu, mafuta yamerudi tangini usiku na upepo umeingia kwenye paipu za mafuta. Endelea kuibonyeza mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Baadaye tafuta panapovuta upepo: mpira wa pampu yenyewe, klipu za paipu, mpira uliokakamaa. Baridi inafanya mpira usinyae, kwa hiyo mchana hutaona kitu.

Yako mambo madereva wanafanya ambayo mimi siyataki karibu na gari langu. Jiko la mkaa chini ya sampo, bakuli la oili la injini, wakati kuna oili na dizeli inavuja juu yake. Kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa, au dawa ya kupuliza ya kuwashia: hita plagi zikiwa za moto inalipukia njiani na kuvunja vitu. Maji yanayochemka kumwagiwa pampu: ndani yake kuna vyuma vilivyokaribiana sana, vikitanuka kwa kupishana vinaweza kukwama. Ukiwa na maji ya moto, lowesha matambara uyalaze juu ya bomba la kuingizia hewa. Hiyo inasaidia na haiui kitu.

Likiwaka, liache lisailensi, yaani lingurume bila kukanyagiwa mafuta, dakika moja au mbili, usilikoromeshe. Kisha ondoka taratibu. Injini ya dizeli inapata joto ikifanya kazi kuliko ikisimama.

Betri ikichoka isiweze kuzungusha stata, mteremko uliouchagua jana unakufaa. Pasha hita kwanza kwa nguvu iliyobaki, weka gia ya pili, achia breki, likishika kasi achia klachi. La otomatiki haliwashwi hivyo. Hilo linataka waya za kuboosti na jirani mwenye betri, lakini umuulize kwanza: Fuso na Canter nyingi ni volti 24, na kama lako ni la 12, mshukuru tu umwache aende zake na viazi vyake.