Jinsi ya kuongeza muda wa mkataba wa fleti nchini Uingereza na Wales

Anayenunua fleti nchini Uingereza au Wales kwa kawaida hanunui jengo wala ardhi iliyo chini yake. Hununua haki ya kuishi humo, kupangisha au kuuza, kwa idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye mkataba wa pango la muda mrefu, na miaka hiyo ikiisha fleti humrudia mwenye jengo. Haki ya namna hii hupungua thamani kadiri miaka inavyokwenda, polepole mwanzoni na kwa kasi baadaye, hadi benki nyingi zinakataa kumkopesha mtu anayetaka kuinunua. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye fleti njia ya kutoka: kwa malipo, anaongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi, ile anayolipwa mwenye jengo kila mwaka, inashuka hadi punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, maneno ya kisheria ya zamani yenye maana ya kwamba halipi chochote. Ukubwa wa malipo hayo, hata hivyo, unategemea sana namba moja, nayo ni 80.

Anza kwa kuhesabu miaka iliyobaki, wala usiihesabu kwa kumbukumbu. Agiza nakala ya mkataba kutoka HM Land Registry, ofisi inayosajili umiliki wa ardhi, kisha tafuta tarehe ambayo muda ulianza. Tuseme mkataba ni wa miaka 99 kuanzia tarehe 24 Juni 2007, na fleti ikauzwa tena mwaka 2015. Mnunuzi wa pili anaweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba miaka 99 ni yake tangu alipokabidhiwa funguo, ilhali minane ilikwisha kuliwa kabla hajaingia. Mkataba huo unafikia miaka 80 mwezi Juni 2026, na notisi, yaani barua rasmi ya kudai nyongeza ya muda, isipomfikia mwenye jengo kabla ya hapo, bei hupanda ingawa fleti ni ileile.

Sababu ya kupanda ni hii. Fleti yenye mkataba mrefu ina thamani kubwa kuliko haki ya mwenye fleti na haki ya mwenye jengo zikijumlishwa kabla ya muda kuongezwa. Ziada hiyo sheria huiita kwa jina la ndoa, kwa kuwa hutokana na kuunganisha haki mbili zilizotengana. Mkataba ukiwa na zaidi ya miaka 80, ziada hiyo haihesabiwi. Ukiwa na 80 au pungufu, mwenye jengo hupewa nusu yake. Kwa mfano wa kubuni, chukua fleti ambayo ingeuzwa pauni 300,000 ikiwa na mkataba mrefu, lakini kwa mkataba wake wa sasa ina thamani ya pauni 264,000, huku haki ya mwenye jengo ikiwa pauni 10,000. Ziada ni pauni 26,000, na nusu yake ni pauni 13,000. Malipo yanayokaribia pauni 10,000 yamekuwa pauni 23,000.

Sheria mpya ya mwaka 2024 imekusudia kuifuta hesabu hiyo na kuongeza muda hadi miaka 990, lakini hadi ninapoandika haya vifungu hivyo havijaanza kutumika. Kilichokwisha kubadilika ni sharti la kuimiliki fleti kwa miaka miwili kabla ya kudai haki, ambalo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Aliyekwisha kushuka chini ya 80 na asiye na haraka ya kuuza ana sababu ya kutafakari kusubiri. Aliyebakiza miaka 81 au 82, kwa maoni yangu, asisubiri ahadi isiyo na tarehe.

Mwenye jengo anaweza kukupendekezea mapatano nje ya utaratibu wa sheria. Wakati mwingine yana nafuu na hukamilika haraka, lakini mara nyingi muda unaotolewa ni mfupi kuliko ile miaka 90 ya nyongeza, na kodi ya ardhi inaweza kuendelea kutozwa mpaka muda wa mkataba wa zamani uishe. Mazungumzo hayo pia hayaisimamishi saa. Ukizungumza, zungumza huku notisi yako ikiwa tayari mezani kwa wakili.

Kabla ya notisi, ajiri mthamini mwenye uzoefu wa mikataba ya namna hii, kisha wakili anayeifanya kazi hii mara kwa mara, kwa sababu jina la mwenye jengo likikosewa, au bei iliyotajwa ikiwa ya chini mno kiasi cha kutoaminika, notisi inaweza kuwa batili. Notisi hutaja bei unayoitoa na tarehe ya mwisho ya kujibu, isiyopungua miezi miwili. Tarehe ya kuiwasilisha ndiyo inayotumika kukadiria thamani, hivyo ucheleweshaji wa upande wa pili hauongezi hesabu hiyo. Mwenye jengo anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei uliyoitaja, au pauni 250, yoyote iliyo kubwa. Weka pia akiba ya gharama zake za kuridhisha za wakili na mthamini, kwani chini ya utaratibu wa sasa unazilipa wewe.

Asipojibu kwa wakati, unaweza kuomba mahakamani upewe mkataba kwa masharti uliyoyapendekeza, ndani ya miezi sita. Akijibu na msikubaliane bei, shauri hupelekwa kwenye baraza la masuala ya nyumba baada ya miezi miwili tangu jibu lake na kabla ya sita kuisha. Iandike tarehe hiyo ya mwisho mahali utakapoiona kila siku: ikipita, notisi inahesabiwa kuwa imeondolewa, na hutaweza kutoa nyingine kwa miezi 12. Ukiuza fleti katikati ya mchakato, faida ya notisi ihamishiwe kwa mnunuzi pamoja na mkataba wenyewe, kwa maandishi.