Somo: Picha za Mji Usiku kwa Nyeusi na Nyeupe

Picha nyingi za usiku ninazoletewa kuzitazama zina kasoro moja: zimejaa mwanga. Mpigaji ameliogopa giza, akazidisha mwanga hadi ukuta, lami na anga vikawa vya rangi moja ya majivu, na usiku wenyewe haupo tena. Mimi huanza kwa kuuliza nini kibaki cheusi. Taa nazipangia nafasi baadaye.

Hatua ya 1: Simama upande usio na taa. Taa ikiwa nyuma ya mtu unayempiga, mabega yake huzungukwa na uzi wa mwanga, na matone ya mvua au ukungu huonekana. Taa ikiwa nyuma yako wewe, matone yale yale hupotea na mtaa unakuwa bapa. Mvua inapokatika tu, toka haraka kabla lami haijakauka, na uishushe kamera karibu na dimbwi.

Hatua ya 2: Ficha balbu. Balbu tupu huungua ikawa tundu jeupe, na jicho la mtazamaji huganda hapo. Sogea hatua moja tu, nguzo au tawi liizibe. Mwanga utabaki, chanzo chake kisionekane. Hapa ndipo picha inapopata hali yake, kwa hiyo usione uvivu kuhangaika dakika kumi kwa ajili ya nguzo moja.

Hatua ya 3: Finya macho. Vitu vidogo vitapotea, utaona mapande ya weusi na weupe peke yake. Je, weusi una umbo, au umemwagika tu? Mtu mmoja mdogo akipita mbele ya ukuta wenye mwanga anatosha. Msubiri apanue hatua, miguu iachane. Miguu ikigusana anaonekana kama kigingi.

Hatua ya 4: Mipangilio. Kamera kwenye stendi, aparcha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Ili usipoteze muda kwa kubahatisha, jaribu kwanza kwa ISO 3200. Sekunde 1 ikitosha hapo, kwa ISO 100 utahitaji sekunde 32, kwa hiyo 30 zinatosha. Ukiiachia kamera ipime yenyewe, itataka kuligeuza giza kuwa kijivu. Shusha fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) hadi -1 au -2.

Hatua ya 5: Piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), ondoa rangi baadaye. Usivute vivuli juu, yaani usiviangaze, maana chengachenga (vidoadoa vinavyochafua picha) zimejificha humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina simu tu. Nitaweza?
Utaweza. Zima hali ya usiku, kwa sababu huunganisha picha kadhaa na kuangaza vivuli ambavyo wewe unavitaka vibaki. Gusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini, shusha mwangaza kwa kidole, kisha iegemeze simu ukutani.

Nikiacha shata (kilango cha kamera kinachoingiza mwanga) wazi sekunde 15, wapita njia hawaonekani kabisa. Nakosea wapi?
Hujakosea, ndugu yangu. Anayetembea hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuandikika. Mwombe mtu asimame tuli, au panda ISO 3200, f/2, shata sekunde 1/60, karibu na dirisha lenye mwanga.

Mimi natumia filamu, na picha zangu hutoka nyeusi kuliko kipimo kinavyosema.
Filamu nyingi hupungukiwa na wepesi wa kupokea mwanga shata ikizidi sekunde 1 hivi, kwa hiyo ongeza muda kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa filamu yako. Brassaï, mpiga picha aliyeupiga mji wa Paris usiku miaka ya 1930, alipima muda kwa sigara: aina moja palipokuwa na mwanga, nyingine ya kuungua polepole palipokuwa na giza zaidi. Wewe tumia saa, na uandike daftarini kila muda uliotumia, ili ukishasafisha filamu ujue ni upi uliofaa.