Kusoma Saa za Usiku kwa Astrolabu

Astrolabu bapa, chombo cha kale cha kupimia nyota, ina sehemu nne tutakazozitumia: bamba lenye mistari ya kimo (digrii za nyota juu ya upeo), wavu wa nyota unaozunguka juu yake, rula ya mbele, na mkono wa nyuma wenye matundu mawili ya kulengea. Hakikisha kwanza kwamba bamba limechorwa kwa latitudo yako, kwani la digrii 40 halimfai aliye karibu na ikweta.

Hatua ya 1: Pima kimo cha nyota. Ning'iniza chombo kwa pete yake, kiache kitulie, kisha zungusha mkono wa nyuma hadi uione nyota kupitia matundu yote mawili, na usome digrii ukingoni. Uteuzi wa nyota ndio unaoamua usahihi wa kazi nzima. Iliyo mashariki au magharibi hupanda au kushuka upesi. Inayovuka meridiani, yaani mstari wa anga wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, kwa kawaida, hubaki karibu kimo kilekile kwa muda mrefu, hata kosa la digrii moja laweza kukupotosha kwa zaidi ya nusu saa.

Hatua ya 2: Laza mkono huo wa nyuma juu ya tarehe ya leo kwenye duara la kalenda, usome Jua liko digrii ya ngapi ya buruji gani (mojawapo ya makundi 12 ya njia ya Jua angani).

Hatua ya 3: Geuza chombo. Zungusha wavu hadi ncha ya nyota yako, tuseme Shira (Sirius), iguse mstari wa kimo ulichopima, upande wa mashariki ikiwa inapanda na wa magharibi ikiwa inashuka. Laza rula juu ya digrii ya Jua kwenye duara la buruji, usome ukingoni: digrii 15 ni saa moja, digrii moja ni dakika 4. Rula ikiwa digrii 127 baada ya adhuhuri, ni saa 2 na dakika 28 usiku.

Usiusogeze wavu bado, kwa sababu sasa anga yote imejipanga mbele yako: soma kimo na uelekeo wa Simaki (Arcturus) au nyota nyingine yoyote iliyo juu ya upeo, uinue macho, utaikuta hapohapo.

Saa hiyo ni ya Jua la mahali ulipo. Ili ilingane na ya ukutani, ongeza dakika 4 kwa kila digrii uliyo magharibi ya meridiani ya saa za eneo lako (longitudo ambayo saa rasmi za eneo hilo zimepangwa kwayo), au uzipunguze ukiwa mashariki; kisha, mwanzoni mwa Novemba, punguza dakika 16, na katikati ya Februari uongeze 14.

Wavu wa kale una tatizo lake. Nyota husogea kwenye duara la buruji digrii moja kwa takriban miaka 72, hivyo kwa anga ya leo tumia wavu uliochorwa upya.